Slasha ya Trekta kwa Shamba la Mama, Biliqo

Waliozoea kupita hapa kusoma habari za programu huria na seva zinazokufa usiku wa manane, leo tuelekee Biliqo. Swali la leo ni la chuma na dizeli. Una trekta kuukuu, una shamba dogo karibu na Ewaso Ng'iro, na mathenge umeota hadi unakaribia mlango. Je, ununue slasha ya aina gani ya kufunga nyuma ya trekta hiyo?

Sisemi slasha ya mkono, ile tuliyofyekea nyasi za shule siku za adhabu. Hii ni sahani kubwa ya chuma inayobebwa na mikono ya nyuma ya trekta. Juu yake kuna giaboksi, chini yake kuna visu viwili vizito vinavyozunguka kama panka ya dari iliyokasirika. Wamarekani wengi huiita Bush Hog hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, kwa sababu kampuni ya jina hilo ilianza kuziuza mwaka 1951 kutoka Selma, Alabama. Ni kama vile sisi Kenya tunavyoiita kila sabuni ya unga Omo.

Mtu wa kompyuta anatafuta nini huko? Katika ukoo wetu, mwenye kazi ya kusoma vijitabu vya maelezo ni mimi. Ukishajua kutengeneza tovuti, nyumbani wanaamini unaweza kutengeneza kila kitu chenye waya, na siku hizi hata kisicho na waya. Mjomba alinipigia simu akasema kwa ufupi: "Wewe soma, sisi tutanunua."

Kwa wasioijua, Biliqo iko kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, kaskazini mwa mto. Ni nchi ya Waborana na mifugo yao: ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia. Mama ana ekari sita ambako hulima mahindi, kunde na nyanya mto ukiwa na maji. Nikisema "ana", elewa kwa namna ya kule. Ardhi ni ya jamii, na mambo ya malisho yana wazee wake wa dedha, ambao walikuwako kabla ya sheria yoyote iliyochapishwa Nairobi. Watu wa huko si wepesi kufurahia mgeni anayekuja na mpango wa ardhi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa haikuundwa kwa kufuata sheria. Basi hata kuingiza mashine ya kufyeka kwenye kichaka kilicho kati ya shamba na njia ya mifugo ya kwenda majini si jambo la kuamka asubuhi na kulifanya. Mjomba aliwaendea wazee kwanza. Walikubali kwa sharti moja, nalo nitalifikia.

Sasa mathenge wenyewe. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Kenya uliletwa miaka ya 1970, ukapandwa kwenye machimbo ya Bamburi kule Mombasa, kisha miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na Tana River kwa nia njema kabisa: kuni, kivuli, kuzuia udongo usipeperuke. Nia njema ikazaa vichaka ambavyo hata mbwa hapiti. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu, na mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari. Mathenge haukusoma tangazo hilo. Mbegu zinapita tumboni mwa mbuzi zikiwa salama, zinatoka na mbolea yake juu, na mto ukifurika zinasafiri bure.

Katika ekari sita za mama, mbili hivi zimemezwa. Upande uliomezwa ndio ulio kati ya nyumba na maji.

Kabla sijaanza habari za mashine, hesabu ya fedha. Tulikuwa na shilingi 240,000, na fedha hizo ni ng'ombe watatu waliouzwa. Msimu wa mvua ulikosa mara tano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na baada ya hapo mama alibaki na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo kila elfu moja katika hesabu hii ilikuwa na pembe na mkia. Mimi nimezoea kujaribu programu kumi na kufuta tisa bila hasara. Hapa hakuna kufuta.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuhesabu. Nilipokwenda nyumbani nilipima viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10 ndani ya kichaka, nikahesabu kila shina. Mikono ilichanika vibaya sana. Wastani ulikuwa mashina 58 kwa kiwanja. Ekari mbili ni karibu mita za mraba 8,100, yaani viwanja 81. Kwa hiyo tunazungumzia kitu kama mashina 4,700. Kati ya kila 58, kama 11 yalikuwa mazito kuliko sentimita 5, na yaliyobaki yalikuwa membamba. Weka namba hiyo ya sentimita 5 kichwani.

Slasha hizi huuzwa kwa madaraja. Nyepesi ni za nyasi na vijiti visivyozidi inchi moja. Za kati hukata hadi inchi mbili, ambazo ni zile sentimita 5. Nzito zinafika inchi tatu au nne, lakini zinataka trekta kubwa. Muuzaji mmoja wa Nairobi aliniambia mashine yake inakata "chochote". Nilipomwomba namba, akanitumia video yake ikikata nyasi. Nilimshukuru nikaendelea na safari. Muuzaji asiyejua unene wa mti ambao mashine yake inaweza kukata hajui anauza nini, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwenu: ukiambiwa "chochote", toka dukani.

Aina nyingine nilizipitia haraka. Kuna ile ya mkasi mrefu wa pembeni, nzuri sana kwa nyasi za kukausha, lakini mti unaukunja. Kuna ya flaili, yenye visu vingi vidogo vinavyoning'inia kwenye pipa linalolala. Hiyo inasaga vizuri na hairushi mawe mbali, ila ina vipande vingi vya kuchakaa, na kila kimoja ni safari ya kwenda mjini. Halafu kuna mashine halisi za kusaga miti, ambazo bei yake sikuitamka mbele ya mama kwa sababu ya heshima.

Ikabaki slasha ya visu viwili. Upana gani?

Trekta ya mjomba ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi 45 hivi. Lakini slasha haiendeshwi na injini moja kwa moja. Inaendeshwa na ile shafti fupi ya nyuma ambayo mafundi wanaiita pitio, na kwenye pitio zinafika farasi 37 au 38 tu, tena kama trekta ni nzima. Kanuni ya wakulima ni farasi 5 za pitio kwa kila futi ya upana, na uongeze kama unakata miti badala ya nyasi. Futi sita ni farasi 30 kwa nyasi, na kwa mathenge haitoshi. Futi nne inatosha nguvu lakini haifuniki upana wa tairi za nyuma, ina maana tairi inakanyaga miiba ambayo kisu hakijaigusa. Futi tano ndiyo iliyokaa sawa. Mjomba alitaka futi sita kwa sababu jirani mmoja wa Merti anayo. Tulibishana siku mbili. Nilishinda nilipomwuliza hiyo ya jirani inakata nini, akajibu: "Nyasi."

Sasa jambo ambalo wengi hawaliulizi: mashine ikigonga kisiki kisichokatika, kitu gani kinavunjika kwanza?

Watu wa umeme wanaijua fyuzi. Slasha nayo lazima iwe na fyuzi yake, na kuna aina mbili. Ya kwanza ni klachi ya kuteleza: sahani zinazobanwa kwa springi, ambazo mzigo ukizidi zinateleza badala ya kuvunja gia. Ni teknolojia nzuri, lakini ikikaa miezi bila kutumika inashika kutu na kuwa kipande kimoja cha chuma, nawe hujui hadi siku giaboksi inapopasuka. Kila msimu inatakiwa kulegezwa, kuzungushwa iteleze kidogo, kisha kukazwa kwa kipimo. Aina ya pili ni bolti moja laini inayounganisha shafti na mashine. Mzigo ukizidi inakatika, kazi inasimama, unaweka nyingine.

Kwa mtu wa Nairobi klachi ni bora. Kwa Biliqo nilichagua bolti, tena bila kusita. Bolti ishirini zinaingia kwenye mfuko wa shati. Sahani za klachi zinaagizwa, na kutoka Biliqo hadi mahali pa kuagiza ni siku nzima barabarani ukiwa na bahati.

Ila bolti ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni binadamu. Ikikatika mara tatu asubuhi, dereva anachoka, anatafuta bolti ngumu ya aina ya kufungia chasi ya lori, anaiweka. Haikatiki tena. Baada ya hapo kinachokatika ni gia. Ni sawa na mtu anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi halafu anashangaa nyumba ikiungua. Nimemwandikia mjomba kwa rangi nyeupe juu ya sahani la mashine: BOLTI LAINI TU. Akasema nimemfanya mtoto. Nikamwambia, mjomba, hata sisi kwenye programu tunaandika maelezo kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yetu.

Trekta za zamani zina mtego mwingine. Katika 135 ya mjomba, klachi ni ya hatua moja: ukikanyaga, magurudumu na pitio vinakatwa pamoja kutoka kwenye injini. Inaonekana sawa, sivyo? Lakini visu vizito vilivyokwisha shika kasi havisimami. Vinaendelea kuzunguka, vinazungusha pitio, pitio inazungusha giaboksi ya trekta, na trekta inasonga mbele ingawa umekanyaga klachi hadi mwisho. Fikiria hilo ukiwa mita tatu kutoka ukingo wa mto. Dawa yake ni kiungo kidogo kinachowekwa kati ya pitio na shafti, kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli: injini inaweza kuzungusha visu, lakini visu haviwezi kuzungusha trekta. Bei yake ni ndogo sana kulinganisha na mashine. Kama trekta yako ni ya zama hizo na huna hakika, kinunue kwanza, slasha baadaye.

Nije kwenye sharti la wazee. Walisema: siku mashine inafanya kazi, watoto wasiwepo. Mwanzoni nililiona kama sharti la heshima tu, ule usemi wa wazee wa kila siku. Kisha nikafanya hesabu.

Pitio inazunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi ya slasha inapandisha hadi karibu 1,000. Ncha za visu vya futi tano zinachora duara lenye kipenyo cha mita moja na nusu, kwa hiyo kila mzunguko ncha inasafiri mita 4.7. Zidisha kwa 1,000, gawa kwa 60: mita 78 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe la ukubwa wa yai likigongwa na kitu chenye kasi hiyo halitui karibu. Vitabu vya maelezo vya mashine hizi vinaonya watu wakae mbali kiasi cha mita 90 hivi, na mimi nikiwa mwandishi wa kitabu ningeongeza.

Sasa, wenye asili ya vijijini mnajua: trekta ikifika Biliqo ni sinema. Watoto wanaisikia kabla haijaonekana. Wanakimbia nyuma yake, na nyuma ndiko visu vilipo. Katika mashine zote nilizoziangalia, kitu kimoja ndicho nilichokataa kupunguzia bei: pazia la minyororo mbele na nyuma. Ni vipande vifupi vya mnyororo vinavyoning'inia vikigusana kuzunguka sahani, vinaruhusu nyasi zipite lakini vinazuia jiwe. Wauzaji wengi huuza mashine bila pazia, na ukiuliza wanakuambia ni nyongeza. Mimi kwangu mashine isiyo na pazia haijakamilika. Na hata ukiwa na pazia, sharti la wazee linabaki palepale. Siku ya kazi binamu zangu wawili watakaa kwenye njia ya upande wa makazi, na mwalimu wa madrasa ameombwa aongeze muda wa darasa.

Mwiba wa mathenge unapenya tairi. Wenye pikipiki wa Merti watakuambia. Tulizungumza juu ya dawa ya kumimina ndani ya tairi, tukaitia, lakini msaada mkubwa zaidi ulitoka kwenye jambo rahisi: slasha iko nyuma ya trekta, basi ingia kichakani kinyumenyume. Ukienda mbele, tairi nne zinakanyaga miiba kabla kisu hakijafika. Ukirudi nyuma, kisu ndicho kinachotangulia, na trekta inafuata mahali palipokwisha fyekwa. Ni polepole na shingo inauma. Mjomba alijaribu hivyo kwenye kichaka kidogo pembeni akiwa na slasha ya kuazima, akatoka bila pancha hata moja.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha mambo, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyenigusia.

Slasha hata iwe nzuri namna gani haiui mathenge. Mti huu ukikatwa juu ya ardhi unachipua, tena kwa hasira: shina moja linageuka kuwa matano au kumi. Macho ya kuchipulia yako kwenye shingo ya mzizi, chini ya udongo. Ili usirudi, lazima ukate chini ya shingo hiyo, sentimita 10 hadi 30 kwenda chini kulingana na ukubwa. Mzizi unaobaki chini ya hapo uache, hata kama unaelekea katikati ya dunia. Jamaa mmoja wa mathenge huko Arizona mzizi wake ulikutwa mgodini zaidi ya mita 50 chini. Hutaufuata wote. Unatafuta shingo tu.

Wenzangu wa kompyuta wataelewa haraka. Umewahi kuua prosesi kwenye seva, halafu sekunde mbili baadaye ipo tena na namba mpya? Unaiua, inarudi. Unaiua, inarudi. Kisha unagundua kuna msimamizi juu yake ambaye kazi yake ni kuiwasha kila inapokufa. Kufyeka mathenge ni kuua prosesi. Shingo ya mzizi ndiyo msimamizi.

Basi kwa nini tununue mashine? Mdogo wangu, ambaye huchoma makaa, aliniuliza swali hilohilo na alikuwa na haki. Kama yale mashina 4,700 yote yatachimbwa kwa sururu, mashine ni ya nini?

Jibu nililipata siku ile niliyohesabu. Kuchimba shina moja jembamba kulimchukua mdogo wangu kama dakika kumi. Kulifikia shina hilo kupitia matawi yenye miiba kulimchukua nusu saa, na damu. Slasha inanunua njia. Inaondoa ile nusu saa, na haigusi zile dakika kumi. Kwa ekari mbili tofauti hiyo ni kati ya kazi inayoisha kabla ya mvua na kazi isiyoisha kabisa, kwa sababu mvua ikifika kabla hujamaliza, ulichokifyeka kimesharudi na jeshi.

Ukikubali kwamba mashine ni ya kufungua njia tu, hata namna ya kuitumia inabadilika. Hatutaishusha hadi chini kama mtu anayetengeneza uwanja wa mpira. Tutakata kwa urefu wa sentimita 20 hadi 25. Kwa urefu huo inapita juu ya mawe mengi, na kila shina linabaki na kishikio kinachoonekana, ambacho mchimbaji anaweza kukishika akatikisa. Visiki hivyo vilivyochongoka ni hatari kwa tairi, ndiyo maana tutafanya kwa mistari: mstari mmoja ukifyekwa, trekta inasimama, wachimbaji wanaingia, visiki vinatoka siku ileile, kisha mstari unaofuata. Mashina mazito, yale 11 kwa kila kiwanja, hayaguswi na slasha kabisa. Hayo ni ya msumeno na shoka: nguzo za uzio kwa mama, makaa kwa mdogo wangu.

Na mbegu zilizoko ardhini? Zitaota. Zinaweza kukaa miaka zikisubiri. Ila mche wa mathenge wa wiki mbili au tatu udongo ukiwa na maji unang'oka kwa vidole viwili, na hiyo ni kazi ambayo watoto tuliowafukuza wataifanya kwa furaha na kwa malipo ya biskuti. Mahali pasipolimwa tutapanda nyasi, Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, ambazo ni nyasi za nchi kavu na ng'ombe wanazipenda. Ardhi ikibaki wazi mathenge ndio wa kwanza kurudi.

Mashine tuliyonunua hatimaye haikuwa mpya. Ni ya futi tano, daraja la kati, imetumika kwenye shamba la ngano upande wa Timau. Nilikwenda kuiona mwenyewe. Nilifungua kifuniko cha giaboksi nikachovya kijiti: mafuta yalikuwa meusi lakini hayakuwa na rangi ya maziwa, yaani maji hayajaingia. Nilishika shafti ya visu nikaitikisa kushoto na kulia, ikacheza kidogo sana. Nikaingia chini yake ikiwa imewekewa magogo (usiingie chini ya mashine iliyobebwa na mikono ya trekta peke yake, hata kwa dakika moja), nikakagua nyufa kwenye sahani na lile bakuli la chuma la katikati linaloisaidia kuteleza juu ya visiki. Visu havikuwa vikali, na hiyo si kasoro. Kisu cha slasha ya miti hupiga kama shoka butu, na ukikinoa kama wembe kinakunjika.

Walitaka 210,000, tukaelewana 178,000. Friwili tulinunua Nairobi. Pazia la minyororo limechomelewa na fundi wa jua kali mjini Isiolo, ambaye alitumia mnyororo mzito kuliko nilioomba na akakataa kunieleza kwa nini. Dawa ya tairi, bolti, mafuta mapya ya giaboksi na lori la kuifikisha vimekula sehemu kubwa ya kilichobaki. Za wachimbaji zimebaki kidogo, kwa hiyo wengi watalipwa kwa kuni na nguzo, na wamekubali.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha maelezo. Mama hataki mathenge wote uondoke. Mwaka 2022, wakati hakukuwa na jani, mbuzi wake waliishi kwa yale maganda. Meno yao anayajua, na hesabu ya waliobaki hai anaijua pia. Mjomba anataka usibaki hata mmoja. Mdogo wangu anataka ubaki wa kumtosha makaa. Nilijaribu kuwaeleza kwamba inawezekana kuacha miti michache mikubwa, iliyotengana, iliyopogolewa matawi ya chini ili nyasi ziote kivulini, na maganda yakusanywe na kusagwa kabla mbuzi hajayafikia, maana mbegu iliyosagwa haioti. Mjomba akauliza nani atakayesaga. Mama akasema ni yeye.

Trekta inaanza Jumatatu tukijaliwa. Mama amekwisha funga vitambaa vyekundu kwenye miti tisa. Juu ya ule wa kumi, ulio karibu na njia ya maji, bado wanabishana.